Kadi ya Fundi Baridi

Jumapili, 3 Februari

Mume wangu,

Huku tu wazima. Wiki hii nimefufua friji tatu na kuzika moja, ile kubwa ya mwenye bucha. Tangu mwaka jana nilimwambia imechoka, akanijibu kwamba mashine haichoki, anayechoka ni fundi. Sasa kompresa yake imekufa kabisa, na nyama anaihifadhi kwenye chumba cha baridi cha jirani yake anayeuza maua. Juzi bibi harusi mmoja alikwenda kufunga ndoa na shada linalonuka maini.

Sasa nipe sikio. Kompresa ya namna ile hapa mjini hakuna. Nimeiona kwa muuzaji wa ng'ambo, kwenye mtandao, mpya, na bei yake ni karibu nusu ya ile wanayotulalia madalali. Tatizo ni moja tu. Yule bwana hataki fedha za mkononi, hataki kutumiwa kwa simu, hataki hundi. Anataka kadi ya mkopo.

Basi Ijumaa nikavua ovaroli, nikavaa lile gauni la bluu, nikaenda benki. Nilidhani kadi ni kadi, kama sukari ilivyo sukari. Kumbe zina makabila. Ofisa aliyenihudumia, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso, alinipangia mifano minne mezani kama mtu anayegawa karata. Ya kwanza inakupa pointi kila unaponunua kitu, ukizikusanya zinageuka tiketi ya ndege. Ya pili inakurudishia kidogo cha kile ulichotumia. Ya tatu ni ya dhahabu, inakuingiza kwenye ukumbi wa wakubwa huko viwanja vya ndege, na ada yake ya mwaka nayo ni ya wakubwa. Ya nne ni ya kijivu. Haina zawadi, haina mbwembwe, ila riba yake ndiyo ndogo kuliko zote.

Halafu akaniuliza, "Mama, mahitaji yako ni yapi?"

Miaka yote hii mimi ndiye ninayewauliza watu mahitaji ya friji zao: unaweka samaki au soda, unafungua mlango mara ngapi kwa siku. Hakuna aliyewahi kunigeuzia swali hilo. Nikamwambia nitashauriana na mume wangu. Akatabasamu, tabasamu ambalo sikulipenda sana.

Basi nishauri. Na Jumapili ijayo tafadhali nenda ofisini ukapige simu. Najua simu za mkononi wanawakataza kwa sababu ya baruti, lakini ile ya ofisini ipo. Tangu Novemba sijasikia sauti yako. Barua zako ni nzuri, nazisoma mara mbili mbili, lakini barua haikohoi wala haicheki.

Mkeo,
Fundi Baridi
(Ndiyo, jina limeshika. Wateja wamelichora hata kwenye mlango wa karakana, na sikuwaomba.)


Jumanne, 12 Februari

Mke wangu mpenzi,

Lori la vyakula limefika na barua yako ikinukia vitunguu, maana dereva huziweka barua zetu ndani ya gunia zisilowe. Nimeisoma nimekaa juu ya mwamba ambao nautoboa tangu mwezi uliopita. Ni mwamba mkaidi. Mtambo unatetemeka mpaka meno yanagongana, nasi tunasonga shubiri kwa shubiri. Baada ya mimi kutoboa huja watu wa baruti, wanajaza matundu yangu, king'ora kinalia, sote tunashuka kujificha, na mlima unapungua kidogo. Siku moja barabara itapita hapa na watu wataipita wamelala usingizi ndani ya gari. Huwa nalifikiria hilo na linanifurahisha.

Kuhusu kadi, usijisumbue, chukua ya dhahabu. Mpima ardhi wetu anayo. Ni kijana tu, ndevu zenyewe bado anazibembeleza, lakini kadi ile imempa cheo. Huku hakuna duka la kuipokea, kwa hiyo huitumia kukwangulia tope kwenye viatu. Hata hivyo, akiitoa mfukoni mpishi husimama wima. Mtu mwenye kazi kama yako asitembee na kadi ya kijivu kama mlango wa choo cha shule.

Jambo lingine. Kadi iandikwe kwa jina langu, wewe uchukue ile wanayoiita ya nyongeza. Mpima ardhi anasema inawezekana. Mshahara wangu benki wanaujua, na wewe itakuondolea maswali ya binti wa miwani.

Simu sahau. Laini ya ofisini ni mbovu. Mlima umetukalia kichwani, na sauti inanifikia vipande vipande. Andika. Barua zako nazipata nzima.

Mumeo wa mlimani,
Mwamba


Jumatatu, 18 Februari

Mume wangu,

Nimesoma ushauri wako na nimeuheshimu kwa kuufikiria usiku kucha. Nimeukataa.

Ukumbi wa wakubwa wa uwanja gani wa ndege? Sisi hata stendi ya basi tunakaa juu ya mizigo yetu, na tunakaa vizuri. Nimerudi kwa yule binti, na safari hii nilimpenda zaidi, maana hakunisukumia kadi ya bei kubwa. Alinieleza kwa utaratibu, kama mimi ninavyomweleza mteja kwa nini hahitaji friji la milango miwili. Mtu asiyesafiri atazifanyia nini pointi za ndege? Na ya dhahabu, kabla hujanunua hata sindano, umeshalipa ada. Kisha akaniuliza swali ambalo anasema ndilo mama wa maswali yote: kila mwezi nitalipa deni lote, au nitakuwa nalipa kidogo kidogo?

Nikamwambia mwenye bucha amekubali kunilipa siku ile ile nitakayofunga kompresa. Kwa hiyo deni nitalifuta kabla riba haijaamka. Akasema basi, kwa mtu wa namna hiyo, inayofaa ni ile ya kurudishiwa kidogo kila ununuapo. Riba yake ni kali, lakini riba haimgusi anayelipa yote kwa wakati. Nimependa hesabu yake. Wiki ijayo nitakwenda kuikamilisha.

Na kadi nataka iwe kwa jina langu. Usinikasirikie. Nyumba ina jina lako, umeme una jina lako, hata uanachama wa ushirika wa mafundi una jina lako, na wewe hujawahi kufungua friji ila kutafuta chakula. Karakana ni yangu. Nataka kitu kimoja kiwe na jina langu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Jumamosi niliipata namba ya ofisi ya kambi kutoka kwa dereva wa lori, nikapiga. Aliyepokea ni mtunza stoo, mtu wa adabu sana. Sauti yake ilikuwa safi kana kwamba amekaa jikoni kwangu. Nikamsikia hadi akivuta kiti. Akaniambia, "Yuko hapa hapa, ngoja nikuitie." Nikangoja. Nikasikia viatu vyako, navijua. Kisha akarudi yeye, akaniambia una kazi.

Laini si mbovu. Mlima haujakukalia. Kama kuna jambo, liseme. Mimi si mtoto.

Mkeo.


Alhamisi, 28 Februari

Mke wangu,

Barua yako nimeipata.

Chukua kadi unayoitaka, kwa jina unalolitaka. Umeshakuwa mtu wa kujitegemea na sitakuzuia. Kama hayo ni maandalizi ya jambo lingine, ningependa niambiwe mapema, nisije nikalisikia kwa watu.

Siku ile nilikuwa na kazi kweli.

Mumeo.


Jumamosi, 9 Machi

Kwa Shemeji, Fundi Baridi,

Mimi ni mtunza stoo wa kambi, yule uliyeongea naye kwenye simu mwezi uliopita. Sina desturi ya kuwaandikia wake za watu. Barua hii ni ya pili, ya kwanza niliichana.

Shemeji, simu yetu haina ubovu wowote. Mumeo ndiye hasikii.

Sisi wenyewe tulichelewa kutambua. Kila alipokuja stoo kuchukua ncha za mtambo tulielewana vizuri tu. Kumbe alikuwa anasoma midomo yetu. Tulipoona hamjibu fundi wa magurudumu tulidhani wamekosana, kumbe yule ana ndevu nyingi na midomo yake haionekani. Siku ulipopiga, nilimpa mkono wa simu akautazama kama anayepewa nyoka. Akaniambia, "Mwambie nina kazi," akatoka. Nilimwona kupitia dirishani. Hakwenda kazini. Alikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

Jumanne iliyopita king'ora cha baruti kililia. Watu wote walishuka. Tulipohesabiana nyuma ya ukuta wa kujikinga, yeye hakuwepo. Alikuwa bado juu, ameinama anasafisha mtambo wake, ametupa mgongo, ametulia kama mtu aliye bustanini. Tukapiga kelele, hazikufika. Mpima ardhi, yule kijana, ndiye aliyetoka mbio akapanda, akamkamata mkono na kumshusha. Waliingia nyuma ya ukuta, na mlima ukapasuka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Mumeo alikaa chini akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, akafunika uso.

Alituomba tusimwambie msimamizi, wala wewe hasa. Mpima ardhi amekubali kunyamaza kwa sababu ni kijana na anamheshimu. Mimi si kijana. Stoo imenifundisha kwamba kitu kilichoharibika ukikirudisha kwenye rafu na vizima, siku moja kitamuua mtu.

Atanikasirikia, na ana haki. Afadhali anikasirikie akiwa hai.

Wako katika heshima,
Mtunza stoo


Alhamisi, 14 Machi

Mume wangu,

Sitakupigia kelele. Kwanza hutazisikia.

Barua ya mtunza stoo niliisoma nimesimama, halafu nikajikuta nimekaa juu ya friji la mteja lililolazwa sakafuni, jambo ambalo huwakataza watu wote. Nililia kidogo, nikacheka kidogo. Usimkasirikie mtu yule. Ukirudi nitamtafutia zawadi, na wewe ndiye utakayemkabidhi.

Ngoja nikueleze nilichokuwa nikifikiria, nawe uone ulichokipika. Nilishampata mwanamke wako. Alikuwa mpishi wa kambi, mrefu, mwenye sauti nzuri, na ndiye aliyekuwa akikukataza kuongea nami. Nilimchukia mwezi mzima, hata ukosi wa gauni lake niliuchukia. Sasa dereva wa lori ananiambia mpishi wenu ni mzee mwenye kigugumizi. Yule mwanamke nimemkosea, na hayupo, sijui nimwombe nani radhi.

Na wewe ukaona kadi kwa jina langu ukadhani nafungua mlango wa kutokea. Mume wangu, mwanamke anayeondoka huanza kwa kufunga mabegi. Haanzi kwa kuagiza kompresa ya bucha. Nilitaka jina langu lisomeke mahali kwa sababu mikono yangu imefanya kazi, basi. Kilichobaki chote ni chetu, na wewe ukiwa wa kwanza kwenye hicho chetu.

Nimekwenda hospitali kumwona daktari wa masikio. Ni mama mfupi mwenye sauti kubwa, nadhani kazi imemzoesha. Amesema masikio yaliyoliwa na kelele za mtambo hayaoti tena, hilo asinidanganye mtu. Lakini zipo mashine ndogo za kuvaa nyuma ya sikio, na wengi wa aina yako zinawafaa. Ni lazima uje mwenyewe apime kila sikio, maana kila moja limeharibika kivyake. Bei yake alinitajia, nikamwomba airudie, nikidhani na mimi nimeanza kutosikia.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja benki, nikiwa na ovaroli. Yule binti alikuwa amenitayarishia ile kadi tuliyokubaliana. Nikamwambia aiweke kando kwanza, aniulize tena lile swali lake.

Akaniuliza. Nikamjibu, "Mahitaji yangu ni mume wangu anisikie."

Nikamweleza yote. Akavua miwani akaifuta, na bila ile miwani ni mtoto kabisa. Kisha akarudi kuwa mtu wa benki, na nikamshukuru kwa hilo, maana ningelia tena. Akasema, mama, basi mambo yamegeuka. Deni la kompresa ungelimaliza kwa siku chache, lakini hili la masikio utalilipa polepole mwaka mzima. Mtu anayelipa polepole asitazame anarudishiwa nini. Atazame riba, kwa sababu zile senti za kurudishiwa zitakuwa kama kuteka maji kwa kijiko huku ndoo inavuja. Akaisogeza mbele yangu ile ya kijivu.

Nimeichukua. Haina zawadi wala cheo. Kompresa ya mwenye bucha nayo itanunuliwa kwa hiyo hiyo, mradi nailipa mara moja haina neno. Jina langu limeandikwa juu yake kwa herufi za kuinuka, ukipitisha kidole unalisikia. Na ya pili, yenye jina lako, imo ndani ya bahasha hii. Wewe sasa ndiye wa nyongeza. Vumilia, wengi wetu tumeishi hivyo na hatukufa.

Shuka mlimani. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa msimamizi umwambie kwa mdomo wako. Ukishindwa, nitapanda lori la vitunguu nije nimwambie mimi.

Mkeo, ambaye bado ana hasira kiasi,
Fundi Baridi


Jumapili, 24 Machi

Mke wangu, mpenzi wangu,

Nimemwambia. Nilikwenda siku ile ile, kabla ushujaa haujapoa. Msimamizi alianza kuongea huku amegeukia dirishani, ikabidi nimwambie, "Bwana mkubwa, nigeukie, sioni unachosema." Hapo ndipo alipoamini. Hakunifukuza. Alisema jina langu limeshaondolewa kwenye mtambo tangu dakika ile, kwa ajili ya usalama wangu na wa wenzangu, na kwamba mshahara wa mwezi nitaupata wote, pamoja na barua ya kumpelekea daktari. Aliponishika mkono hakuuachia upesi.

Sasa nakueleza nilichokuficha. Sauti hazikuondoka siku moja. Kwanza waliondoka ndege. Nilidhani wamehama mlima kwa sababu ya baruti, nikawahurumia. Kisha birika, likawa linachemka kimya. Kisha mvua. Nikawa natoka nje nakuta nguo zangu zimelowa kwenye kamba, na bati la juu yangu halikuniambia kitu. Nilijiambia ni mafua, ni vumbi, ni nta. Mtoboa miamba asiyesikia hana kazi, na mume asiye na kazi, nilijiuliza, ana nini?

Unaikumbuka ile simu ya Novemba? Ulikuwa unanisimulia jambo. Nilisikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya chupa. Kisha mvumo ukabadilika nikajua unacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka jambo nisilolijua. Nilipoweka simu chini niliapa sitacheka tena na wewe kwa uongo. Ndiyo sababu nilikimbilia kwenye barua. Kwenye barua sikukosa hata neno lako moja.

Ila nimejifunza kitu. Mtu asiyesikia hujaza mwenyewe maneno yaliyomponyoka, na mara nyingi hujaza mabaya. Hata barua yako, niliyoisoma kwa macho mazima, niliijaza. Uliandika "jina langu", nikasoma "bila wewe". Nisamehe kwa ile barua fupi. Niliiandika mara moja na kujutia tangu lori lilipowasha moto.

Mtunza stoo sikumwongelesha siku mbili. Siku ya tatu alinipa kiti ndani ya stoo na kikombe cha chai, akaninyooshea midomo yake nione vizuri, akasema, "Nimekusaliti." Nikamwambia, "Endelea kunisaliti." Tumekuwa marafiki kuliko mwanzo. Namsaidia kupanga ncha za mitambo mpaka lori lifike. Mpima ardhi naye amepata msiba mdogo: kadi yake ya dhahabu imevunjika katikati ikikwangua kisigino. Nimemwonyesha yangu ya kijivu. Ameipinda, ameigonga mezani, amekiri kwamba hii ni ya kazi.

Nimelitazama sana jina langu pale juu. Sioni ubaya wa kuwa wa nyongeza. Barua itatangulia, mimi nakuja na lori la Alhamisi. Nitanuka vitunguu.

Mumeo,
Mwamba


Jumatano, 15 Mei

(kipande cha karatasi, juu ya meza ya karakana)

Mke wangu,

Umekwenda hotelini kwenye lile jokofu la samaki, na mimi nalinda karakana, kwa hiyo nakuandikia. Mkono umeshazoea, siwezi kuukataza.

Daktari alisema mashine hizi zitachukua muda, kwamba mwanzoni kila kitu kitakuwa kelele na ubongo utalazimika kuchagua upya. Ni kweli. Wiki ya kwanza nilitaka kuzitupa. Kijiko kwenye sahani kilikuwa kinapiga kama nyundo, na sikujua kwamba suruali yangu hupiga kelele nikitembea. Lakini sasa vitu vinaanza kurudi mahali pake. Leo asubuhi mwenye bucha alipita barabarani akasema friji yake inafanya kazi kama saa, nikamsikia akiwa ng'ambo ya pili, nikamjibu kabla hajageuka. Alishtuka kuliko mimi.

Sasa nikuambie jambo. Jana mchana, ulipodhani nimelala, nilikuja mpaka mlangoni. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya ile friji ya zahanati unajaza gesi, na ulikuwa unaongea nayo. Kwa miaka mingi nimejua kwamba unaongea nazo, nilikuwa naona midomo kwa mbali, lakini nilidhani unazitukana. Nikasimama nisikilize. Ukaiambia itulie, isiwe na haraka, baridi nzuri haiji kwa pupa. Kisha ukafunga koki, ukapangusa mikono, ukaiambia, "Yule mzee wangu amezeeka vizuri. Lakini usimwambie, atavimba kichwa."

Friji haikuniambia. Nilisikia mwenyewe.

Nilirudi kitandani nikalala chali, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mumeo


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mume wangu,

Nimerudi, nimesoma, na wewe umetoka kununua mkate.

Mchana jua huingia kwa mlango ule. Jana kivuli chako kiliingia karakana kabla yako, kikaja kukaa juu ya friji ya zahanati, na nikakiona mpaka masikio yake, na vile vimashine nyuma.

Unadhani nilikuwa naongea na friji?

Mkeo